Kwa nini kipindi cha kutafutana kilinyamaza: mashini iliyorudia kosa moja, na sauti zenu ndani yake

Tangu juma lililopita wengi wenu mmepiga simu, na wengine mmefika hadi mlangoni kwetu hapa Butembo, kuuliza swali moja: kwa nini kipindi cha kutafutana hakisikiki? Kuna waliosema tumefungwa mdomo. Kuna waliosema wafanyakazi wa redio wamekimbia. Hapana. Tupo, na habari ziliendelea kwenye antena kama kawaida. Kilichosimama ni mashini moja tu, ile tunayotumia kukata na kupanga sauti. Lakini ndani ya mashini hiyo ndimo zilimokuwa sauti zenu.

Ni haki yenu kujua yaliyotokea. Ni vizuri pia mjue jinsi tulivyotoka humo, kwa sababu jambo hili linaweza kumpata mtu yeyote mwenye kompyuta, na kwa namna nyingine hata mwenye simu.

Kwa wale ambao hawatujui vizuri, niseme kwanza kipindi hiki ni nini. Mwezi wa sita mwaka wa 2024, Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23, watu wa kusini mwa wilaya ya Lubero walihama kwa wingi. Kayna, Kirumba na vijiji vya karibu, watu walichukua njia ya kaskazini. Huyu alipata nafasi kwenye pikipiki, yule alitembea kwa miguu. Mtoto alienda na shangazi, mzee alibaki nyuma akisema atafuata kesho. Wengi walifika hapa Butembo wakiwa nusu ya familia. Walikaa kwa ndugu, kwa watu waliowapokea tu kwa moyo mwema, makanisani na katika madarasa ya shule.

Basi mtu anakuja redioni, anakaa mbele ya mikro, anasema jina lake, kijiji chake, mahali alipo sasa, na jina la anayemtafuta. Ni dakika moja, wakati mwingine mbili. Sisi tunapitisha sauti hiyo asubuhi na jioni.

Mtu mmoja aliniambia: "Lakini majina mnayaandika kwenye daftari. Kama sauti zimepotea, someni daftari." Ni kweli daftari lipo. Lakini wenyeji mnajua majina yetu sisi Wanande yanavyotolewa. Tunapewa jina kwa kufuata nafasi ya kuzaliwa. Kwa hiyo karibu kila nyumba ina Kambale wake na Masika wake. Nikisoma kwenye antena kwamba Masika wa Kirumba anamtafuta Kambale, nimewaita watu wangapi? Na mtoto wa miaka mitano hajui kijiji cha mama yake kinaandikwaje, lakini sauti ya mama yake anaijua hata akiwa usingizini. Ndiyo maana sauti ni kitu tofauti na daftari.

Sasa turudi kwenye mashini. Ni kompyuta ya mezani, ya zamani, yenye Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14/1/2020, maana yake tangu siku hiyo haikuwa ikipokea tena marekebisho ya kawaida ya kuilinda. Na mashini ya redio inapokea flashi za kila mtu: mwandishi wa Lubero analeta sauti, kanisa linaleta tangazo, mwanamuziki analeta wimbo. Flashi hizo zilikuja na virusi. Folda ziligeuka vialama vidogo visivyofunguka, mashini ikawa inachukua robo saa kuwaka. Ikaamuliwa tuiwekee Windows 10. Windows 11 haikuwezekana, kwa kuwa inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa mpya zaidi, na mashini yetu haina.

Alikuja kijana fundi wa mtaani, mtu mwenye kazi nzuri, Jumamosi jioni. Aliweka flashi yake, akachagua kuweka Windows mpya bila kufuta diski, kazi ikaanza. Ilipofika katikati, umeme ukakatika. Kile kisanduku cha betri kinachoshikilia mashini wakati umeme unapokatika kilikuwa kimekufa siku nyingi.

Umeme uliporudi, mashini iliwaka, ikaonyesha alama ya Windows, halafu ikatoa ujumbe kwa Kifaransa. Kwa lugha yetu ulisema hivi: kompyuta imejizima na kuwaka ghafla, au kumetokea kosa lisilotarajiwa, kazi ya kuweka Windows haiwezi kuendelea, bonyeza OK ili kompyuta iwake upya, kisha anza kazi tena. Fundi akabonyeza OK. Mashini ikajizima, ikawaka, ikatoa ujumbe uleule. Akabonyeza tena. Ujumbe uleule. Alifanya hivyo hadi karibu usiku wa manane. Asubuhi akaniambia: "Yaya, dawa ni moja. Tufute diski yote, tuanze upya."

Kwa mashini, huenda alikuwa na haki. Lakini diski ile haikuwa na mashini tu. Nilimwambia tusifute kitu chochote kwanza, na Jumapili nzima tulikaa pamoja kutafuta kwa nini ujumbe ule unajirudia. Nitaeleza tulichojifunza kwa maneno ya kawaida.

Programu ya kuweka Windows haifanyi kazi yake kwa mara moja. Inaifanya kwa hatua, na katikati ya hatua inazima mashini na kuiwasha. Ili isisahau ilipofikia, inajiandikia alama ndani ya diski, kama vile mwashi anavyochora mstari ukutani kabla ya kwenda kula. Umeme ukikatika katikati ya hatua, alama inabaki inasema: hatua hii imeanza, haijaisha. Mashini ikiwaka inasoma alama hiyo, inaogopa kuendelea juu ya kazi iliyokatika, inatoa ujumbe. Unabonyeza OK, inawaka upya, inasoma alama ileile. Hakuna kilichobadilika, kwa hiyo jibu haliwezi kubadilika. Ile OK hairekebishi kitu. Kazi yake ni kuiwasha mashini upya tu.

Kwa hiyo kosa linapojirudia bila kubadilika hata neno, lenyewe linakupa habari. Linasema kwamba yote uliyofanya hadi sasa hayajagusa chanzo. Hapo ndipo pa kuacha kubonyeza na kuuliza: mashini inarudi wapi?

Swali hilo ni la maana, kwa sababu si kila kujirudia kuna chanzo kimoja. Kama kila mara mashini inarudi kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa kuchagua lugha, basi mara nyingi hakuna kilichoharibika. Flashi imebaki kwenye mashini, na mashini imepangwa kuanza na flashi kabla ya diski. Inaanza kazi upya kila mara kwa utii tu. Dawa ni kuchomoa flashi mara tu mashini inapojizima kwa mara ya kwanza, au kwenda kwenye BIOS na kuweka diski mbele.

Kama kazi inakwama kila mara kwenye asilimia ileile wakati wa kunakili mafaili, shuku flashi au diski. Huenda nakala iliyo kwenye flashi ina faili bovu. Huenda pia flashi iliandaliwa vibaya: mfumo wa FAT32 haukubali faili moja linalofikia GB 4, na faili kubwa la Windows mara nyingine linazidi hapo. Na kama makosa yanabadilika-badilika, leo hili kesho lile, shuku memori ya mashini, ile RAM. Itoe, ifute vumbi, jaribu kipande kimoja kimoja.

Yetu haikuwa hivyo. Yetu ilipita alama ya Windows, ikatoa ujumbe mmoja usiobadilika, tangu umeme ulipokatika. Ilikuwa alama iliyobaki.

Lakini kabla ya kuigusa alama hiyo, sauti. Jumapili mchana tulienda kwa jirani mwenye kompyuta nzima, tukaandaa flashi nyingine yenye Ubuntu. Ubuntu ni mfumo wa bure wa familia ya Linux, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski ya mashini. Ukiulizwa mwanzoni, unachagua kujaribu, huchagui kuweka. Mashini yetu yenye memori ya GB 4 iliwaka polepole, lakini iliwaka. Tukafungua diski ya zamani kama mtu anavyofungua sanduku.

Folda ya matangazo ilikuwepo. Tukahesabu mafaili: 187. Tukahesabu kwenye daftari: 214. Zilikosekana sauti 27, na zote zilikuwa za siku za mwisho.

Hapo ndipo kijana fundi alinyamaza kabisa. Alijua kwamba kama tungefuta diski asubuhi kama alivyotaka, tusingepata hata nafasi ya kuhesabu.

Tulizipata baada ya saa nzima. Mwenzetu anayerekodi alikuwa na desturi ya kuacha sauti mpya kwenye uso wa kioo, pale zinapoonekana haraka, kabla ya kuzipanga kwenye folda. Na Windows ikiwekwa bila kufuta diski, mafaili ya mtumiaji wa zamani hayatupwi. Yanahamishiwa kwenye folda inayoitwa Windows.old. Tuliingia humo, tukafungua Users, tukafungua jina la mtumiaji, tukafungua Desktop. Zote 27 zilikuwa humo. Msikilizaji ambaye mashini yake imewekwa Windows mpya na anaona picha zake hazipo, aangalie folda hiyo mapema. Windows 10 yenyewe huifuta baada ya muda, kwa kawaida siku 10.

Tulinakili sauti zote 214 kwenye diski ya nje, kisha kwenye flashi ya pili. Hatukuridhika kuona majina ya mafaili. Tulifungua moja moja, tukasikiliza mwanzo na mwisho wa kila sauti, kwa sababu faili linaweza kuwa na jina na lisiwe na kitu ndani. Kazi hiyo ilitufikisha usiku. Ukisikiliza sauti 214 za watu wanaotafutana kwa mfululizo, unaelewa kwamba kazi ya siku hiyo haikuwa ya kompyuta.

Jumatatu tukarudi kwenye ujumbe. Njia hii ninaieleza kwa vijana mafundi wanaotusikiliza. Ujumbe ukiwa kwenye kioo, usibonyeze OK. Bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Kwenye laptopu nyingine unaongeza Fn. Dirisha jeusi linafunguka. Andika regedit, bonyeza Enter. Klavye zetu nyingi ni za Kifaransa, AZERTY, na hapo mashini inaweza kudhani ni ya Kiingereza. Lakini herufi za neno regedit ziko mahali pamoja kwenye klavye zote mbili, usiogope. Upande wa kushoto fungua HKEY_LOCAL_MACHINE, kisha SYSTEM, kisha Setup, kisha Status, kisha ChildCompletion. Upande wa kulia utaona setup.exe. Ifungue. Kama ndani kuna 1, weka 3. Funga madirisha hayo, sasa bonyeza OK. Hiyo ndiyo alama niliyoitaja. Umeiambia mashini kwamba hatua ile imekwisha.

Mashini yetu ilijizima, ikawaka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ujumbe haukuonekana. Iliendelea hadi ukurasa wa kuuliza nchi na klavye. Kijana fundi alipiga makofi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kubadilisha alama si kumaliza kazi. Mwashi akichora mstari juu zaidi ukutani, matofali hayaongezeki. Kama umeme ulikatika wakati mafaili bado yananakiliwa, yaliyokosekana bado yanakosekana. Mashini yetu ilifunguka, lakini kadi ya sauti haikutambulika, na baadhi ya madirisha ya mipangilio yalikuwa yakifunguka na kujifunga. Kwa mtu anayetaka tu kuandika barua, pengine ingetosha. Kwa mashini inayoshika sauti za watu, haitoshi.

Kwa kuwa sauti zilikuwa tayari nje, mahali pawili, sasa tuliweza kufanya kile fundi alichotaka Jumapili. Jumanne tulipata nakala mpya ya Windows na tukaikagua kabla ya kuitumia. Kwenye kompyuta yoyote ya Windows, ukifungua dirisha jeusi na kuandika certutil -hashfile, ukafuata na jina la faili na neno SHA256, unapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ni kama alama ya kidole ya faili. Ukiulinganisha na ule uliotolewa na mwenye programu na ukakuta zinatofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo ni bovu au limeguswa. Yetu ililingana. Jumatano tuliwasha jenereta kabla hata ya umeme kuamua kukatika, tukaformati sehemu ya Windows, tukaweka upya, tukachomoa flashi mashini ilipojizima mara ya kwanza. Haikuchukua saa moja. Hakuna ujumbe uliotokea.

Alhamisi asubuhi kipindi kilirudi.

Siku hiyohiyo alikuja mama mmoja aliyerekodi mwezi wa saba, anayemtafuta mtoto wake wa kiume aliyepotea njiani karibu na Kirumba. Hakusalimia hata vizuri. Aliuliza: "Mwanangu, sauti yangu bado iko?" Tukamketisha, tukamwekea. Aliisikiliza hadi mwisho, akainama kidogo, halafu akasema: "Iko, lakini sasa inadanganya." Nilishtuka. Akaeleza: aliporekodi alikuwa analala darasani, na kwenye sauti alitaja jina la shule ile. Lakini masomo yanaanza mwezi wa tisa, madarasa yanahitajiwa, na familia zilizokuwa humo zimeombwa kutoka. Yeye sasa anakaa kwa mjane mmoja katika mtaa mwingine. Kama mtoto angesikia tangazo na kwenda shuleni, angekuta wanafunzi.

Tulirekodi upya palepale. Sauti ya zamani hatukuifuta. Tumeandika pembeni kwamba isipitishwe tena. Baada yake nimekuwa nikijiuliza ni wangapi kati ya wale 214 wamehama kutoka mahali walipotaja. Ndiyo maana ninawaomba kitu kimoja: kama ulirekodi nasi ukiwa shuleni au kanisani na sasa umehamia kwingine, njoo utuambie. Huhitaji kulipa chochote. Na aliyerekodi zamani na hajahama, asiwe na wasiwasi, sauti yake ipo na inapita.

Neno la mwisho ni kwa wenye simu, kwa kuwa ndio wengi. Najua familia nyingi zilizohama ziliacha karatasi nyumbani, na kilichobaki ni picha ndani ya simu: kadi ya uchaguzi, diplomi ya serikali, karatasi ya shamba, picha ya mtoto aliyepotea. Simu ya Android nayo inaweza kukwama ikirudia alama ya kampuni bila kufunguka. Ukiipeleka kwa fundi, toa kwanza laini na kadi ya memori, ubaki nazo mkononi. Kisha muulize kwa sauti: "Dawa unayotaka kufanya, inafuta vilivyo ndani au haifuti?" Kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani kunafuta kila kitu. Fundi mwema atakujibu na hatakasirika. Na kama simu yako bado ni nzima leo, leo hii tuma picha za karatasi zako kwa ndugu mmoja unayemwamini aliye mji mwingine.

Sisi kwa upande wetu, sauti zenu sasa ziko mahali patatu: kwenye mashini, kwenye diski ya nje inayolala kabatini, na kwenye flashi ambayo haikai katika jengo la redio. Kila Ijumaa jioni watu wawili wanahesabu mafaili na kuyalinganisha na daftari. Ijumaa hii daftari lilikuwa na 221. Mafaili yalikuwa 221.